Kanuni Yetu ya Sumu

Tarehe tisa Februari mwaka huu, siku ya Jumatatu, kabla jua halijatoka vizuri, nilimpoteza kaka yangu Projestus. Alikuwa na miaka arobaini na sita. Tulizaliwa wawili tu nyumbani kwetu Buhembe, na sasa nimebaki mimi. Elimu yangu ni ya darasa la saba, kwa hiyo nitaandika kama ninavyokumbuka, na pale nilipokosa nitasema nimekosa.

Mliokua Bukoba enzi zetu mnaujua ule mtaa wa maduka ya Wahindi, wenye milango mirefu ya mbao na vibaraza vya saruji. Siku hizi wenyewe wamebaki wachache, unaweza kuwahesabu kwa vidole. Mama yetu alishonea sare za shule kwenye kibaraza cha duka mojawapo. Jumamosi, tukitoka mafundisho ya kipaimara, mimi na Projestus tulimfuata huko na kumsubiri mpaka jioni. Mvua ya Bukoba mnaijua, haiombi ruhusa. Ikianza, mwenye duka alitupungia mkono tuingie stoo ya nyuma, na huko ndiko tulikomkuta mwanawe, Imtiaz, amekaa juu ya gunia la mchele akitutazama kama watu aliokuwa amewaagiza.

Stoo ile ilinukia sabuni ya mche, mafuta ya taa na bizari. Dirisha lilikuwa moja, dogo, na ukungu wa ziwani ukipanda uliingia humo ukakaa juu ya magunia kama mtu aliyechoka. Tulikula senene wa kukaanga kutoka kwenye karatasi ya daftari. Imtiaz alitazama kwanza, kisha akaomba mmoja, kisha akaacha kuomba akawa anachukua tu. Alikuwa na miaka kumi na mitatu, Projestus kumi na miwili, mimi kumi.

Mjomba wake wa ng'ambo alikuwa amemletea mchezo ndani ya boksi. Kitabu kinene cha Kiingereza, na dadu za ajabu, moja yenye nyuso ishirini, inayobingirika kama inafikiri. Ubao haukuwepo. Mchezo wenyewe ulikuwa wa kusimulia. Mmoja anakuwa Msimulizi, anawaambia mko wapi na mnaona nini, nanyi mnamjibu mnafanya nini, na jambo likiwa la hatari dadu inaamua. Imtiaz alikuwa Msimulizi kwa sababu kitabu kilikuwa chake na Kiingereza kilikuwa chake. Projestus alikuwa askari, akajiita Jemadari. Mimi nilikuwa mganga. Kila mmoja aliandika kwenye karatasi nguvu alizonazo, kuanzia kumi, na ukiumia unafuta namba unaandika ndogo.

Imtiaz alitutafsiria ukurasa wa sumu mara nyingi kuliko kurasa nyingine zote, maana sisi ndio tuliomwomba. Mtoto wa Kihaya hafundishwi kuogopa sumu, analelewa nayo. Kitabu kilisema sumu ziko za kula, za kidonda na za kuvuta puani. Ukiipata, unatupa dadu. Ikitoka namba kubwa, mwili wako umeishinda. Ikitoka ndogo, unapungua nguvu kila zamu, moja moja, mpaka upone au uishe. Iliyotutisha zaidi ilikuwa sumu inayolala. Hiyo unakunywa, unacheka na wenzako, unakwenda zako, na siku ya tatu inaamka.

Dawa nazo zilikuwa na taratibu zake. Kulikuwa na chupa ndogo iliyoponya kila kitu papo hapo, lakini ilipatikana mbali, kwa mashujaa wakubwa. Kulikuwa na dawa ya kunywa kabla, ya kujikinga, ukiinywa hiyo sumu inakupita kama maji. Na kulikuwa na mkono wa mganga, yaani mimi, ulioweza kuponya mara moja tu kwa siku, na hapo pia lazima dadu ikubali.

Siku ya kwanza Msimulizi alipotufikisha kwa mfalme na kutukaribisha kinywaji, Projestus hakugusa dadu.

"Mfalme hajaonja," alisema.

"Kitabu hakisemi aonje."

"Kitabu cha kwenu. Huku kwetu anayetoa ndiye anayeanza."

"Mbona baba yangu haonji chai ya wateja?"

"Ndiyo maana Mama anakuja na yake," Projestus akajibu, na Imtiaz akacheka mpaka akashuka kwenye gunia.

Lakini hatukuwa tunatania. Nyumbani, mgeni akifika, Tata, baba yetu, alimimina rubisi ya ndizi kwenye kibuyu kidogo, akanywa funda moja mgeni akimwona, akapangusa mdomo wa kibuyu kwa kiganja, ndipo akampa. Alifanya hivyo kwa jirani wa miaka ishirini. Alifanya hivyo hata kwa padri. Mama alikuwa akituambia, "Mtu asiyeonja chake, na wewe usikionje." Basi Imtiaz akachukua penseli, akaandika pembeni mwa ukurasa wa sumu kwamba anayetoa kinywaji ataonja kwanza, na asipoonja mgeni ana haki ya kukataa bila kupigana. Kitabu cha ng'ambo kikapata desturi ya Buhembe. Tuliona fahari.

Kuanzia hapo Jemadari hakunyweshwa sumu tena. Kila mlango tulioingia, Projestus alisema, "Aonje," na mwenye sumu akaumbuka. Wiki zikapita. Mimi mganga nikakaa kwenye gunia la sukari na mkono wangu wa kuponya, bila mgonjwa. Nilichoka. Nilimwonea kijicho kaka yangu, hilo nalisema wazi, alikuwa anashinda kila Jumamosi na mimi nabeba tu mfuko wa majani ya dawa. Siku moja Projestus alipotoka kwenda kumsaidia Mama kukunja vitambaa, nilimsogelea Imtiaz nikamwambia sikioni, "Mwenye nyumba anywe kwanza ile dawa ya kujikinga. Halafu aonje."

Imtiaz aliniangalia muda mrefu. "Justa," alisema, "wewe ni mbaya." Alisema kwa heshima.

Jumamosi iliyofuata mvua ilinyesha tangu saa sita, na bati lilipiga kelele hata tukalazimika kuinamiana vichwa. Msimulizi alitupeleka mlimani kwenye nyumba ya bibi mmoja mpole. Bibi akatukaribisha. Projestus akasema aonje. Bibi akaonja, tena mafunda mawili. Jemadari akanywa. Kisha Imtiaz akasukuma dadu taratibu mpaka mbele ya goti la kaka yangu.

"Tupa."

"Kwa nini nitupe? Ameonja."

"Tupa tu."

Ilitoka tatu. Imtiaz hakusema neno siku hiyo. Ilikuwa sumu inayolala. Jumamosi ya pili Jemadari akaanza kupungua, na Projestus akawa anafuta namba zake bila kuelewa. Nilitumia mkono wangu, dadu ikanipa nne. Nilitaka mgonjwa, nikampata, nikashindwa kumponya. Jumamosi ya tatu kwenye karatasi ya Projestus ikabaki alama ya kufutwa tu, karatasi imetoboka. Ndipo Imtiaz akamweleza namna bibi alivyojikinga kabla hatujabisha hodi. Hakusema wazo lilikuwa la nani.

Kaka yangu hakulia wala hakugomba. Aliikunja karatasi mara nne, akauliza, "Sasa mtu atajuaje?"

Mvua ilikuwa imekatika, na nakumbuka nilisikia cherehani ya Mama kule kibarazani ikienda, ikisimama, ikienda.

Tuliendelea kucheza miezi kadhaa, Projestus akiwa na askari mwingine, lakini nyumbani nilimwona akibadilika katika jambo moja. Tata akionja kitu na kumpa, alikipokea kwa mikono miwili kama tulivyofundishwa, kisha akakaa nacho. Alimtazama Tata usoni. Alisubiri. Wageni walimsifu kuwa mtoto yule ana adabu, hana pupa. Hata alipokuwa mtu mzima, mwenye mke na watoto na kibanja kizuri cha migomba na kahawa kule Kaagya, alikuwa anashika kikombe hadi chai inapoa. Watu walidhani hapendi moto. Mimi peke yangu nilijua anasubiri nini, na sikusema. Imtiaz na wazazi wake walikuwa wamekwisha kuhama, wamekwenda kwa yule mjomba, na kitabu wakaenda nacho.

Watoto wa siku hizi hawawezi kuelewa haya. Mwanangu anacheza sumu kwenye simu. Mtu wake anageuka kijani, anabonyeza chupa, anakuwa mzima. Nilimuuliza aliyempa sumu ni nani, akaniambia, "Mama, hakuna aliyempa, amekanyaga tu." Nikamuuliza akifa je. "Unasubiri sekunde tano." Basi nikamwacha. Sisi tulisubiri Jumamosi tatu, na katika mchezo wetu hapakuwa na mtu aliyekanyaga tu. Kila ugonjwa ulikuwa na mkono ulioutoa, na dawa moja iliyoufaa. Nadhani hapo ndipo palipokuwa na kasoro, lakini nimeliona hilo ukubwani.

Mwaka juzi tulikwenda Kimwani, wilayani Muleba, kwenye harusi ya ndugu wa mke wake. Aliyetukaribisha alikuwa Ma Leokadia, shangazi wa mke wake, mama mfupi, mpenda watu, aliyesifika kwa rubisi yake. Alionja mbele yetu akampa Projestus. Mimi nilikuwa nimeketi mkekani pembeni yake. Niliona koo la yule mama likimeza. Projestus alishika kibuyu, akasubiri kama kawaida yake, watu wakaanza kumtania kwamba shemeji anasali. Akaona haya, akanywa kabla ya muda wake.

Baada ya miezi michache tumbo lake lilianza kujaa na macho yakawa ya njano. Alikuja kwangu Buhembe, akafunga mlango mchana kweupe, akasema, "Justa, nimelishwa. Ni Kimwani."

"Ma Leokadia alionja, niliona."

"Ameonja, ndiyo." Alinitazama kama ananihurumia. "Na wewe unajua wanavyofanya."

Nilihisi baridi ya ile stoo mgongoni. Siku hiyo nilipaswa kusema na sikusema. Badala yake nilimsindikiza kwa waganga. Nilikwenda naye mara mbili, wa kwanza kule Kaagya na wa pili ng'ambo ya Muleba, nikabeba jogoo mwenyewe. Wote walimwambia ni sumu, wote walimpa dawa chungu, na yeye aliitaka ile chupa ndogo inayoponya kila kitu papo hapo. Kwa wale hakusema waonje. Nimelifikiria sana jambo hilo.

Habari zilifika Kimwani kabla hata ya msimu wa kahawa. Watu wakaacha kupokea kikombe kwa Ma Leokadia. Walifika kwake, wakaketi, wakasema wameshiba. Kwetu mtu akikukatalia kikombe chako amekwisha kukuhukumu. Mke wa Projestus alikatazwa kwenda kwao.

Alipokubali hospitali ya mjini ilikuwa Januari. Daktari alisema ni ini, limeharibika siku nyingi, tena kabla ya harusi, na kwamba tungekuja mapema kidogo pangekuwa na la kufanya. Alitaja ugonjwa kwa jina lake. Projestus alimsikiliza kwa adabu. Daktari alipoondoka, kaka akasema, "Huyu kijana hajui mambo ya huku."

Hapo ndipo nilipoamua kusema. Nilivuta kigoda karibu na kitanda, nikamweleza yote, gunia la sukari, kijicho changu, sikio la Imtiaz. Nilimwambia ile hila haikuwa kwenye kitabu. Haikuwa ya wazee wala ya mtu yeyote. Niliitunga mimi nikiwa na miaka kumi kwa sababu nilichoka kukaa.

Akasema polepole, "Kama mtoto wa miaka kumi aliweza kuiwaza, mama wa miaka sitini atashindwa?"

Nilimtafuta Imtiaz kwenye simu, kupitia watu wa msikiti wao wanaojuana. Alituma sauti, Kiswahili chake bado kizuri ila kimepungua kasi. Alisema, "Projestus, ndugu yangu, kweli ile ilikuwa ya Justa. Mimi nilipenda kwa vile ilitisha. Nisamehe." Nilimsikilizisha kaka mara mbili. Alitabasamu aliposikia sauti, akaniuliza kama Imtiaz bado anakula senene wa watu. Lakini kuhusu Ma Leokadia hakubadilika.

Asubuhi nilipomsalimia alianza kunijibu kwa namba. "Umeamkaje, kaka?" "Nne." Kesho yake, "Nne." Siku nyingine, "Tatu." Wauguzi walidhani anachanganyikiwa. Mimi nilimwelewa, na nilitamani nisimwelewe. Kulikuwa na mtu mzima mwenye wajukuu anajifuta taratibu mbele yangu, na bado mahali fulani Kimwani kulikuwa na mwanamke hai aliyekuwa anazikwa pamoja naye. Kaka singeweza kumrudisha. Nilitaka tu asiondoke na jina la yule mama mdomoni.

Nilimpigia Ma Leokadia. Nilimwambia ukweli wangu wote kwenye simu. Nikasikia kuku nyuma yake. Akaitikia kwa heshima ya kwetu, "Waitu, nitakuja."

Alikuja Jumapili saa nne asubuhi, na uji wa ulezi kwenye chupa ya chai na bakuli la bati. Alisimama mlangoni mwa wodi mpaka Projestus alipomwona. Kaka hakumfukuza. Alisema tu, "Mbili," akinitazama mimi.

Ma Leokadia alimimina uji, akaonja kijiko kimoja, akanyoosha bakuli. Projestus hakunyoosha mkono. Akaonja cha pili. Cha tatu. Mgonjwa wa kitanda cha jirani aliacha kula akawa anatazama. Yule mama aliendelea hivyo, amesimama, kijiko baada ya kijiko, mpaka akakwangua bakuli. Kisha akamimina uliobaki, akaunywa nao. Akafunika chupa, akaketi chini kwenye kanga yake, usawa wa macho ya mgonjwa.

"Nitakaa, Ta Projestus," alisema. "Nitazame."

Akakaa. Saa tano, saa sita, saa saba. Watu wa kuona wagonjwa waliingia wakatoka. Kaka alikuwa amelala ubavu akimtazama usoni, kama alivyokuwa akimtazama Tata. Sijawahi kuona watu wawili wakitazamana muda mrefu hivyo bila chuki. Mara moja Ma Leokadia alikohoa, Projestus akainua kichwa, na mama akasema, "Ni vumbi la basi," na nikaona bega la kaka linatikisika. Alikuwa anacheka.

Saa tisa na nusu mama aliinuka, akasema basi la Kimwani linaondoka. Projestus alimwita kabla hajafika mlangoni.

"Ma Leokadia."

"Waitu."

"Kesho uje na mwingine. Usiumalize peke yako."

Enzi zetu kikombe kilikuwa na watu wawili, anayetoa na anayepokea, na kati yao palikuwa na funda moja. Siku hizi nikienda kwenye sherehe kila mtu anapewa chupa yake, imefungwa kizibo kiwandani. Hakuna anayeonja, hakuna anayesubiri, na mimi nakaa na chupa yangu kama mtu aliyesahauliwa. Sisemi wamekosea. Pengine ni salama zaidi.

Kaka yangu alifariki alfajiri iliyofuata, kama nilivyoandika juu. Hakusema namba. Aliomba maji, nikayaonja kabla sijampa, akanywa kidogo, akageukia ukuta.

Katika kupiga simu huku na huku nilisahau Kimwani. Ma Leokadia alikuwa amepanda basi la kwanza. Alipoingia wodini saa tatu kasorobo kitanda kilikuwa kimekwisha kutandikwa shuka jingine, nami nilikuwa nimekaa juu ya mfuko wa nguo za kaka nikisubiri gari. Alisimama na chupa yake. Aliangalia kitanda, akaniangalia mimi. Akachuchumaa, akamimina uji, bado unafuka moshi. Akaonja kijiko kimoja nikimwona, akapangusa ukingo wa bakuli kwa kiganja, akanipa.

Niliupokea kwa mikono miwili, nikaunywa ungali wa moto.